Masazo ya Shamba na Kitabu cha Mwenzetu: Uhakiki wa Sheria ya Hakimiliki na Desturi ya Kunakili katika Maktaba za Vyuo Vyetu

Yapo matendo ambayo sisi watumishi wa Kanisa huyatenda mwaka hata mwaka pasipo kuyaleta mbele ya dhamiri, kwa kuwa kila mtu huyatenda. Mojawapo ni kunakili vitabu. Mwalimu hutoa orodha ya vitabu vya kusomwa katika muhula. Maktaba ina nakala moja ya kila kitabu, au haina kabisa. Wanafunzi ni arobaini. Basi kitabu huazimwa asubuhi, hupelekwa kwenye duka la fotokopi, na jioni hurudi rafuni kikiwa kimekwisha kuzaa watoto arobaini. Tumeyaona haya Moshi mjini, na tumeyaona hapa kwetu Sanya Juu, ambapo mwanafunzi aliye likizoni hushuka stendi na kitabu kimoja cha chuo mkobani, naye hupanda kwenda nyumbani akiwa na viwili. Siku hizi hata duka halihitajiki sana: simu ya mkononi hupiga picha ukurasa baada ya ukurasa, na kabla ya ibada ya jioni kitabu kizima kimelifikia darasa lote.

Makala haya hayakusudii kuwashitaki wanafunzi. Mwanafunzi hunakili kile ambacho mwalimu amemwagiza akisome, na mwalimu huagiza kile ambacho chuo hakijanunua. Tunakusudia kuhakiki mambo mawili: sheria ya nchi juu ya hakimiliki, na desturi yetu wenyewe. Hoja yetu ni kwamba sheria ina huruma kwa wanafunzi kuliko wengi wetu tunavyodhani, na desturi yetu ina hatia kuliko tunavyokiri. Tena hatia hiyo haiko mahali ambapo huwa tunaitafuta.

1. Sheria yenyewe

Nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Berne, ambao asili yake ni mwaka 1886, mnamo mwaka 1994. Miaka mitano baadaye Bunge lilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1966. Sheria hiyo ndiyo iliyoanzisha Chama cha Hakimiliki Tanzania, yaani COSOTA, ambacho kwa marekebisho ya mwaka 2022 kimekuwa Ofisi ya Hakimiliki. Kwa sheria hiyo, kazi ya mwandishi hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake.

Wengi wetu tumeishia hapo. Tumesikia kwamba kunakili ni kosa, nasi tukagawanyika makundi mawili: wenye hofu, wanaobandika ukutani mwa maktaba tangazo la kukataza asilolisoma mtu, na wasio na hofu, wanaosema kwamba sheria hii ni ya Wazungu wenye vitabu. Makundi yote mawili hayajasoma kifungu cha 12. Kifungu hicho hueleza matumizi yasiyohitaji ruhusa wala malipo. Mtu anaruhusiwa kunukuu kwa kiasi cha haki huku akimtaja mwandishi. Maktaba za umma na taasisi za elimu nazo zinaruhusiwa kunakili, kwa kutimiza mambo matatu: nakala zisizidi mahitaji ya shughuli za taasisi, zisigongane na uuzaji wa kawaida wa kazi hiyo, na zisimdhuru mwandishi katika haki zake kupita kiasi.

Tuna malalamiko mawili juu ya kifungu hiki. La kwanza ni kwamba kimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na mkutubi wa chuo kidogo hajawahi kukifafanuliwa. La pili ni kwamba hakimtajii mtu idadi ya kurasa wala asilimia. Sura moja ni halali? Sura tatu? Kitabu kizima kisichopatikana tena dukani? Sheria inamwachia mkutubi apime mwenyewe, naye hana mizani. Walakini kwa mtazamo wa pili tunaona kwamba kutotaja idadi kuna busara yake. Kinachoulizwa na sheria ni jirani ameumia kiasi gani, na kurasa ni njia tu ya kulipima swali hilo. Mwalimu wa maadili ya Kikristo hawezi kulikataa swali la namna hiyo, kwa maana ndilo swali lake mwenyewe.

Nchi nyingine zimelijibu swali hili mahakamani. Mwaka 2012 wachapishaji watatu wakubwa, wakiwamo wale wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, walilishitaki duka la fotokopi lililokuwa ndani ya Chuo Kikuu cha Delhi, India, pamoja na chuo chenyewe, kwa kutengeneza vitini vilivyokusanya sura za vitabu mbalimbali kwa ajili ya masomo. Baadhi ya waandishi wenyewe ambao kurasa zao zilihusika walijitokeza kuwatetea wanafunzi. Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi iliamua kwamba kunakili kwa ajili ya mafundisho kunaruhusiwa na sheria ya India. Desemba mwaka huo huo majaji wa rufani walikubali, ila wakasisitiza kwamba kinachonakiliwa sharti kiwe kinahitajika kweli kwa mafundisho. Mwaka 2017 wachapishaji waliiacha kesi. Uamuzi wa India haufungi mahakama zetu. Lakini unatufundisha kwamba nchi ya Mkataba wa Berne inaweza kuisoma sheria yake kwa kumtazama mwanafunzi maskini, isionekane kuwa imevunja ahadi zake.

2. Pembe za shamba

Maandiko hayajui neno hakimiliki, lakini yanajua kunakili, na yanajua mali. Mfalme wa Israeli aliagizwa ajiandikie nakala ya torati, akae nayo na kuisoma siku zote (Kumbukumbu la Torati 17:18-19). Baruku aliandika upya gombo ambalo mfalme Yehoyakimu alilichoma moto (Yeremia 36). Paulo aliwaagiza Wakolosai wabadilishane nyaraka na Walaodikia (Wakolosai 4:16). Pasipo wanakili tusingekuwa na Agano Jipya. Kwa hiyo asiyeona chochote katika kunakili isipokuwa wizi amesahau Biblia yake ilikotoka.

Hata hivyo nyaraka za Paulo hazikuwa riziki ya Paulo, alishona mahema. Mfano unaotufaa zaidi kwa sheria yetu tunauona katika masazo ya mavuno. Mwenye shamba katika Israeli alikatazwa kuvuna hata pembe za shamba lake, wala asirudi kuokota suke lililoanguka, hayo yalikuwa ya maskini, mgeni, yatima na mjane (Mambo ya Walawi 19:9-10, Kumbukumbu la Torati 24:19-22). Tuangalie mambo mawili. Kwanza, masazo ni haki ya maskini na wala si hisani ya tajiri. Bwana ndiye aliyeyaagiza. Pili, shamba halikukoma kuwa la mwenyewe. Ruthu aliokota nyuma ya wavunaji wa Boazi tangu asubuhi. Hakuja na mkokoteni usiku.

Kifungu cha 12 ni pembe za shamba. Chuo chenye fedha kidogo kina haki ya kuokota humo bila kuona haya. Sura ya kitabu kilichochapwa Ulaya, ambacho bei yake ni sawa na matumizi ya mwanafunzi kwa mwezi, ikinakiliwa kwa ajili ya semina ya watu kumi na wawili, haimwondolei mwandishi mnunuzi hata mmoja; hao kumi na wawili wasingekinunua kamwe. Hayo ndiyo masazo. Bali chuo kinachonakili kila kitabu, chote, kila mwaka, huku kikijenga jengo jipya na kuacha bajeti ya maktaba bila kitu, kimekuja na mkokoteni.

3. Luther na wachapaji

Sisi Walutheri tuna kumbukumbu yetu katika jambo hili. Hoja za mwaka 1517 zilichapwa upya Leipzig, Nürnberg na Basel kabla mwaka haujaisha, na hakuna aliyemwomba Luther ruhusa. Agano Jipya lake la Septemba 1522 lilichapwa Basel mwezi Desemba wa mwaka huo huo. Matengenezo ya Kanisa yalienea kwa mikono ya wachapaji waliojichukulia, na Luther mwenyewe hakupokea malipo kwa vitabu vyake. Mtu anaweza basi kumdhani kuwa mtetezi wa fotokopi.

Sivyo. Mwaka 1525 sehemu ya mahubiri yake, ikiwa bado kiwandani Wittenberg, iliibwa na kuchapwa mji mwingine kabla kazi haijakamilika. Luther aliandika onyo kali kwa wachapaji, akawafananisha na wanyang'anyi wa njiani. Alilalamikia mambo mawili: kazi yake ilikuwa imeharibiwa kwa haraka hata asiitambue kuwa yake, na mchapaji wa Wittenberg, aliyetoa gharama, alitiwa hasara na mwenziwe. Kwa ajili yake mwenyewe hakudai fedha. Kwa ajili ya mchapaji alidai haki. Naye katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alipoifafanua Amri ya Saba, alifundisha kwamba wezi walio wengi hawavunji milango. Wamekaa sokoni na maofisini, na watu huwaita waheshimiwa. Tunaongeza kwa unyenyekevu kwamba wengine wamekaa katika vyumba vya walimu.

4. Vitabu vya namna tatu

Kosa la desturi yetu ni kuvitendea vitabu vyote sawasawa. Sisi twaviona kuwa vya namna tatu.

Namna ya kwanza ni vitabu vya ng'ambo vilivyo hai sokoni, vyenye bei isiyofikiwa. Juu ya hivi tumekwisha kusema. Hapa kifungu cha 12 kitumike kwa ujasiri na kwa kipimo: sura, si kitabu, darasa la mwaka huu, si ghala la miaka yote, na jina la mwandishi na la mchapishaji liandikwe juu ya kila kitini. Tuseme pia kwamba tangu mwaka 1971 Mkataba wa Berne una nyongeza inayoziruhusu nchi zinazoendelea kutoa leseni za kutafsiri na kuchapa upya vitabu vya mafundisho, pale ambapo mwenye haki hakuvileta kwa bei ya wastani. Masharti yake ni mengi na muda wa kungoja ni mrefu, hata nchi chache sana zimeitumia. Hiyo ni pembe ya shamba iliyozungushiwa miiba, na wanasheria wa Kikristo wangefanya vema kuisemea.

Namna ya pili ni vitabu ambavyo wenyewe wamekwisha kufa. Mfano ulio karibu nasi ni Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi Masama na Old Moshi. Kitabu chake juu ya sheria za Wachagga kilichapwa München mwaka 1926, na majuzuu matatu ya mafundisho ya jadi yalifuata kati ya 1932 na 1938. Gutmann alifariki mwaka 1966. Kwa hesabu ya sheria yetu, miaka 50 ilitimia mwisho wa 2016. Kwa sheria ya Ujerumani, ambayo ni miaka 70, itatimia mwisho wa 2036. Maana yake ni kwamba hapa Kilimanjaro tuna uhuru wa kuvinakili na kuvitafsiri vitabu hivyo vyote, wakati Ujerumani bado vinalindwa. Nani kati yetu ameutumia uhuru huo? Tunanakili kwa siri kile tusichoruhusiwa, na kile tulichoruhusiwa wazi wazi tumekiacha katika Kijerumani.

Tena kitabu hiki kinatuuliza swali zito zaidi. Mafundisho yaliyomo yalitoka vinywani mwa wazee wa mlima huu waliowafunda vijana wao. Jalada lina jina la Gutmann. Sheria humwita mwandishi yule aliyeandika, na hatukani kazi yake kubwa, kwani pasipo yeye mengi yangepotea. Lakini tusemapo kwamba hakimiliki ni haki ya mwenye jasho, tukumbuke kwamba jasho la wazee halikuhesabiwa. Mtu wa huku anapoambiwa kwamba asinakili kwa sababu ni mali ya mwenziwe, ana haki ya kuuliza ni lini mali yake yeye iliheshimiwa. Swali hilo ni la haki, ingawa halimpi ruhusa ya kumnyang'anya mtu wa tatu.

Namna ya tatu ni vitabu vyetu wenyewe: vya Kiswahili, vilivyoandikwa na wachungaji na walimu wa hapa, vikachapwa kwa mamia machache Moshi, Vuga au Dodoma. Hapa ndipo hatia yetu ilipo, na hapa hatuna budi kuungama.

Miaka kadhaa iliyopita mchungaji mmoja mstaafu wa sehemu zetu aliandika kitabu juu ya mazishi ya Kikristo na mila za Kichagga. Kilikuwa na kurasa 112. Alikichapa kwa sehemu ya kiinua mgongo chake, akapanga kiwe cha kwanza, na cha pili kiwe juu ya ndoa. Mwalimu mmoja alikipenda, akakiweka katika orodha ya masomo. Mzee alifurahi, akaleta katoni nzima chuoni kwa daladala. Zikanunuliwa nakala tatu. Mwisho wa muhula alialikwa kuzungumza na darasa. Wanafunzi walisimama wote, wakamwamkia kwa heshima, kila mmoja ana kitabu chake mkononi. Na vyote vilikuwa vya fotokopi, vimefungwa kwa waya wa plastiki. Baada ya kipindi walimzunguka, wakamwomba Baba Mchungaji awatilie sahihi. Akatia sahihi zote, kimoja kimoja, akiuliza jina la kila mtu. Kisha akaichukua katoni yake akarudi nayo.

Baadaye tulipiga hesabu. Kunakili karatasi 56 kwa shilingi 100 ni shilingi 5,600. Kufunga, shilingi 1,500. Jumla shilingi 7,100. Kitabu chenyewe kiliuzwa shilingi 8,000. Kwa ajili ya shilingi 900 darasa zima lilimlipa mwenye mashine na kumnyima mwenye kitabu. Kitabu cha ndoa hakijaandikwa, na mzee amekwisha kulala. Mwalimu aliyetoa orodha ile, akawaambia wanafunzi kwamba nakala ya maktaba ipo wakaichukue, ni sisi tunaoandika makala haya.

Hatukuvunja sheria kwa sababu ya umaskini. Tuliivunja kwa sababu kitabu cha mtu wa kwetu hatukukiona kuwa kitabu. Kile cha London tulikinakili tukiogopa. Cha jirani tulikinakili tukicheka. Masharti ya kifungu cha 12 yalikuwa yamevunjwa wazi: uuzaji wa kawaida uligongwa, mwandishi akadhurika kupita kiasi. Na aliyepata hasara kubwa kuliko wote ni wanafunzi wetu wa leo, wanaotafuta kitabu cha Kiswahili juu ya ndoa za huku wasikipate.

5. Yatupasayo

Watu wa mlima huu hawahitaji kufundishwa na mtu wa mbali namna ya kugawana kitu. Mfereji ushukao kutoka msituni, ambao Wachagga huuita mfongo, una ukoo ulioanza kuuchimba, na ukoo huo huheshimiwa. Wengine hupata maji kwa zamu. Lakini anayechota hutoka pia na jembe siku ya kusafisha mfereji; asiyetoka, zamu yake huulizwa. Hakuna asemaye kwamba maji ni ya Mungu, kwa hiyo mfereji hauna mwenyewe. Na hakuna asemaye kwamba mfereji una mwenyewe, kwa hiyo jirani akauke.

Kwa mfano huo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila chuo chetu kiwe na kanuni iliyoandikwa kwa Kiswahili, ya ukurasa mmoja, inayoeleza kifungu cha 12 na kutenganisha namna tatu za vitabu. Mkutubi asiachwe peke yake na tangazo la ukutani. Pili, kitabu cha mwandishi wa nchini kilicho bado dukani kisinakiliwe kamwe. Kikiwekwa katika orodha ya masomo, chuo kinunue nakala za kutosha kwanza, na bei iingizwe katika ada ya kozi. Kenya wana chama cha KOPIKEN na sisi tuna KOPITAN, vilivyoundwa kusimamia leseni za kunakili. Vyuo vyetu vizungumze navyo kwa pamoja, si kimoja kimoja. Tatu, vitabu ambavyo muda wake umekwisha vitafsiriwe na kuchapwa upya, kuanzia na vile vinavyotuhusu wenyewe. Nne, sisi walimu tunaolipwa mshahara na Kanisa tutoe vitini vyetu bure, tukiandika wazi kwamba ruhusa ya kunakili imetolewa. Aliyepokea bure na atoe bure (Mathayo 10:8). Lakini neno hilo alitumie juu ya kazi yake mwenyewe, si juu ya kazi ya mzee mstaafu.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, na kwamba Kanisa lina dhambi kubwa zaidi za kushughulikia. Huenda. Lakini wanafunzi hawa ndio watakaoshika hazina za sharika zetu, sadaka za mavuno na michango ya ujenzi. Tumewafundisha Amri ya Saba darasani kwa kitabu kilichoibwa, nao wametusikia vizuri kuliko tulivyokusudia.

Katoni ya mzee bado ipo nyumbani kwake, kwa mjane wake. Mwezi uliopita tulikwenda kununua nakala zilizobaki kwa ajili ya maktaba. Mama alizihesabu mara mbili, akatuuliza kama wanafunzi bado wanakipenda kitabu. Tulimjibu kwamba wanakipenda. Hakuuliza zaidi, nasi hatukuwa na ujasiri wa kusema zaidi.